Uso Uliongoja Mtihani

Jumapili jioni, Kiritiri.

Jua la leo limekuwa la kuadhibu watu. Mchana tulipokuwa tukitoka kanisani wingu moja lilijitokeza, sote tukainua macho, likapita zake. Mvua bado.

Roho yangu nayo si nzuri. Naandika kwa simu, chumbani, nimeketi kwenye kitanda nilichokuwa nikilalia nikiwa shule ya msingi, na mlango nimeurudisha. Wale mnaokuja hapa kusoma habari za meikapu na utunzaji wa ngozi, mnisamehe, leo hakuna somo. Nina jambo limenikaa kooni tangu jana na nisipolitoa sitalala.

Nimemdanganya mama yangu.

Haya, nimeshasema. Sasa wacha nieleze, maana ukiliacha hivyo tu mtu anaweza kudhani ni uongo mdogo, ule wa kumwambia mama umekula na hujala.

Mnaonisoma mnajua niko Meru nasomea urembo. Chuo chetu kiko ghorofani, juu ya duka la mbao. Ukiwa kwenye ngazi unasikia msumeno, ukifungua mlango unakutana na harufu ya marashi na asetoni. Nimepanga chumba Majengo, karibu na msikiti, na adhana ya alfajiri ndiyo inayoniamsha. Wenzangu wengi darasani wametoka sekondari juzi tu. Mimi nilikuwa nimeuza nguo Embu miaka kadhaa kabla ya kuamua kurudi darasani. Mtu angetarajia kwamba kwa umri huu nimeshamaliza aibu za kitoto. Sijazimaliza.

Mama anaishi hapa Kiritiri. Analima ndengu na mtama, ana mbuzi, na siku za soko anauza makaa kwa mkebe. Mimi ni binti yake wa pili, kwa hiyo kwa desturi yetu nimepewa jina la mama yake mzazi, na ndiyo maana hajawahi kuniita Wambeti. Ananiita mami. Wageni hushangaa kumsikia mtu mzima akimwita msichana mama yake. Nilipoanza chuo akaniongezea jina lingine la utani, daktari wa nyuso. "Daktari wa nyuso, kuja uone huyu mbuzi, leo uso umemshuka." Yeye ni mtu wa hivyo. Anakutania huku ameinama anapepeta ndengu, hata hakuangalii.

Sasa, mwisho wa kozi kuna mtihani wa vitendo. Kila mwanafunzi huja na mtu wake wa kufanyiwa, tunamwita modeli, hata kama ni nyanya yako. Mtahini hutoka mbali, huvaa koti jeupe, husimama nyuma yako kimya huku wewe unasafisha uso wa modeli, unaukanda, unaupaka maski, unauosha, kisha unamweka meikapu ya mchana. Na kuna sharti: modeli aje na uso mtupu. Asiwe amepaka mafuta wala krimu kwa siku kadhaa, ili mtahini aione ngozi yake ya kweli.

Huenda mahali pengine sharti hilo ni jambo dogo. Huku kwetu si dogo. Mtu hatoki nje bila mafuta usoni. Mtoto akifika shule amepauka, mama yake ndiye anayesemwa. Mtu mzima akipauka, watu wanaulizana kando kama ni mgonjwa, au kama watoto wake wamemtupa hadi hawawezi kumnunulia hata kakopo ka mafuta.

Mimi ndiye niliyemwomba mama awe modeli wangu. Hakunilazimisha. Nilimpigia simu, nikamweleza habari ya mafuta, nikamwambia modeli hatikisiki na haongei maski ikiwa usoni, nikamfundisha na majibu ya maswali ambayo mtahini hupenda kuuliza. Alifurahi sana. Kabla hata sijakata simu nilimsikia akimwambia mtu aliyekuwa karibu naye, "Naenda Meru nitengenezwe na mtoto wangu." Mama hajawahi kutengenezwa uso na mtu. Siku ya harusi yake, husema, alinawa, akapakwa mafuta, akaambiwa twende.

Basi siku za mtihani zilipokaribia, mwalimu wetu, tunayemwita Madam, alitaka kuona picha za modeli wetu. Nilikuwa na picha moja ya mama, ameketi sokoni kando ya makaa yake, amekunja macho kwa sababu ya jua. Ana mabaka meusi mashavuni, yalianza akiwa na mimba ya kaka yangu na hayakuwahi kuondoka. Kuna na mikunjo ya moshi wa jikoni. Madam aliivuta ile picha kwa vidole viwili ikawa kubwa, uso wa mama ukajaa kwenye simu nzima, na wasichana wawili wa mbele wakanyoosha shingo kuangalia.

"Wambeti," Madam akasema, "hii ngozi ni kazi ya miezi. Mtahini atakupa asubuhi moja tu. Tafuta ngozi ambayo haitakuangusha."

Hakusema kwa ubaya. Alinirudishia simu akaenda kwa mwanafunzi mwingine. Msichana mmoja alicheka, na mpaka leo sijui kama alicheka picha ya mama au kitu kingine.

Nimejaribu kumtupia Madam lawama na imekataa. Yeye alisema habari ya ngozi. Mimi nilikuwa nawaza mambo mengine kabisa. Nilimwona mama akipanda zile ngazi na viatu vyake vya plastiki na leso mbili kiunoni. Nikamwona akizunguka chumba chote cha vioo akimsalimia kila mtu kwa mkono, maana hawezi kuingia mahali akaketi kabla hajasalimia. Nikamsikia akiniita mami mbele ya wale wasichana wa kucha ndefu, na akimweleza mtahini habari ya mbuzi wake mmoja mmoja. Yote hayo niliyaona nikiwa nimesimama palepale na simu mkononi, nikaona haya. Nilimwonea haya mama yangu mzazi, na alikuwa hata hajafika.

Jioni nikazungumza na Rehema. Rehema ni jirani yangu Majengo, anakaanga mahamri mbele ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga, na ana ngozi ambayo hata ukiitafutia doa hulioni. Alikubali papo hapo, akacheka akasema afadhali naye akae chini kidogo apumzike na moto.

Halafu nikampigia mama.

Nilimwambia mtihani umesongeshwa mbele. Aliuliza hadi lini. Nikasema bado hawajatuambia. Akasema, "Sawa, mami. Mimi nitakaa tayari."

Nilikata simu nikaona mambo yameenda vizuri. Sikujiuliza hata kidogo kukaa tayari ni kukaaje.

Mtihani ulifanyika. Nitausema kwa ufupi kwa sababu sina furaha nao tena. Rehema alikuja amenawa, akaketi, ngozi yake ikakubali kila kitu nilichoiwekea. Mikono yangu haikutetemeka. Majibu yalipokuja Madam alinivuta kando akaniambia mtahini ameisifu kazi yangu mbele ya walimu. Niliteremka zile ngazi nikiwa naimba moyoni. Nikamnunulia mama krimu nzuri ya ngozi kavu, nikapakia sanduku langu la vifaa, na jana nikaja nyumbani. Krimu ile, nikiwa mkweli, niliinunua ili nisione kama nina deni lolote kwake.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akipiga ndengu kwa fimbo, vumbi limemzunguka. Akageuka akanikimbilia kunikumbatia. Nikauona uso wake.

Sikuwahi kumwona mama hivyo. Alikuwa amepauka kuanzia paji la uso hadi shingoni, weupe kama wa mtu aliyemwagiwa unga. Midomo imepasuka. Kwenye mashavu, juu ya yale mabaka, ngozi ilikuwa imechanika vistari vidogo na kimoja kilikuwa na damu iliyokauka. Kwa hili jua letu na hili vumbi, uso usiopakwa kitu haukai.

Na mimi mtaalamu nikafanya nini? Nikaanza kumgombeza. Hata begi sijaweka chini. Nikamwambia mum, hii ni nini, mbona unajiachilia hivi, nikamhubiria habari ya ngozi kukosa unyevu na vile ufa mdogo unaingiza uchafu, maneno yote niliyokaririshwa darasani, nikayamwaga pale kwenye ndengu. Nikamuuliza mafuta yake yameenda wapi.

Aliniangalia kama mtu anayengoja umalize utani wako.

"Si ulisema nisipake? Ulisema mtihani umesongeshwa, hukusema umefutwa."

Tangu ile simu ya kwanza. Siku zote hizo, mama hakuweka kitu usoni. Alienda sokoni hivyo, akaenda mazishini hivyo, akaenda kanisani Jumapili baada ya Jumapili akakaa mstari wa mbele hivyo, kwa sababu sikumwambia ni lini na alitaka siku yoyote nitakayomwita nimkute yuko sawa.

Nilipaswa kumwambia pale pale. Mdomo niliufungua. Nilichosema ni, "Niletee maji ya kunywa, mum, nimechoka." Yaani nikamtuma maji juu ya yote.

Jana ikaisha hivyo. Alinipikia, akaniuliza habari za chuo, nikajibu kwa nusu nusu. Ile krimu sikuitoa kwenye begi.

Leo asubuhi tukaenda kanisani pamoja. Mimi nimejipaka vizuri, nimeng'ara, naye kando yangu na ule uso. Nilikuwa naona watu wakituangalia mmoja, kisha mwingine. Ibada ilipoisha akina mama wakatuzunguka. Mama Njiru, jirani yetu ambaye mdomo wake hauna mlango, akanishika mkono.

"Sasa hiyo mtihani yenu ni lini? Mama yako ameteseka jameni. Sisi tulidhani ni ugonjwa, mpaka akatuambia ni mambo ya masomo. Tumekuwa tukimwombea."

Wamekuwa wakimwombea. Kumbe kanisa zima lilikuwa linajua. Mama alisimama hapo akitabasamu kwa uangalifu, kwa sababu midomo ikinyooka inapasuka, na akaningoja nijibu. Niliona jinsi alivyojivunia. Sikuweza kusema ukweli.

"Karibu," nikasema. "Ni karibu tu."

Njiani kurudi mama aliimba. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua chache, nikaona kama ningeweza kugeuka nipotelee kwenye yale mashamba ya mtama, nisitokee tena hadi nimezeeka.

Tulipomaliza kula nikamwambia aketi nimfanyie uso. Nilisema ni mazoezi. Nilitoa kiti cha mbao nikakiweka kivulini nyuma ya jikoni, nikapasha maji kwenye sufuria, nikafungua sanduku langu juu ya gunia safi. Nilitaka kwanza kuuponya ule uso, halafu ndiyo nizungumze. Ndivyo nilivyojipangia.

Nilipomwekea taulo mabegani alifunga macho. Akanyoosha mgongo, akaweka viganja juu ya mapaja, akatulia kabisa. Nikashangaa. Mama hajui kutulia.

"Nimekuwa nikijizoeza," akasema bila kufungua macho. "Hata wakati wa kuuza makaa. Mama Njiru anasema nakaa kama mtu anapigwa picha ya kitambulisho."

Nikacheka kidogo. Nikaanza kumsafisha na pamba na maji ya uvuguvugu, polepole, maana pale palipochanika hapataki kusuguliwa. Na yeye, kwa sauti ya mtu anayesoma darasani, akaanza kuongea Kiswahili. Nyumbani tunasema Kimbeere, mimi na yeye hatujawahi kusemezana Kiswahili katika maisha yetu.

"Ngozi yangu ni kavu. Sina mzio wa kitu chochote. Sijapaka mafuta wala krimu. Naitikia mwanafunzi anifanyie kazi." Akatua. Akarudi kwa Kimbeere. "Nimekosea?"

Nikamwambia hajakosea.

"Na akiniuliza kazi yangu, nitasema mkulima. Makaa nisiyataje. Ama unaonaje, mami?"

Pamba ilikuwa mkononi mwangu, inadondosha maji kwenye leso yake. Mimi sikumfundisha hilo. Habari ya makaa hatukuwahi kuizungumza kabisa. Aliiwaza mwenyewe, peke yake, siku moja kati ya hizo siku zote, kwamba pengine mtoto angependa makaa yasitajwe. Kwa hiyo alikuwa anajua. Nilikuwa nadhani nimeificha ile aibu yangu kwenye moyo, kumbe mama alishaiona zamani na akaipangia jibu.

Nikampaka maski. Ilikuwa ya asali na shayiri, laini, ya ngozi iliyochoka. Na ilipokwisha kuenea uso mzima, nikasimama nyuma ya kiti, mahali mtahini husimama, nikamwambia.

Ninauandika na huu woga wangu hapa. Nilichagua wakati ule kwa sababu alikuwa amefunga macho na kwa sababu nilimfundisha mwenyewe kwamba modeli haongei maski ikiwa usoni. Nilimwambia mtihani haukusongeshwa. Nilimwambia ulifanyika, na nilimchukua msichana jirani, na nimepita. Ningeweza kuishia kwenye habari ya ngozi na maneno ya Madam. Nilimaliza yote. Nikamwambia niliona haya, nikamwambia na haya yenyewe yalikuwa ya nini, viatu, leso, salamu, makaa.

Alitii sheria. Viganja vilibaki juu ya mapaja, mgongo umenyooka, na kitu pekee kilichosogea ni koo, akimeza mate. Mbuzi mmoja alikuja akanusa sanduku langu na hakuna aliyemfukuza. Muda wa maski ukafika, nikauacha upite, kwa sababu niliogopa kuiosha.

Mwishowe nikaiosha. Akafungua macho akaangalia upande wa zizi.

"Umepita?"

"Nimepita, mum."

"Huyo msichana, ngozi yake ni nzuri?"

"Ni nzuri."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo sasa ninaweza kupaka mafuta?"

Hapo ndipo nililia. Nilienda chumbani nikaitoa ile krimu, nikarudi, nikampaka uso wote na shingo huku machozi yananitoka na makamasi, sina hata heshima ya kazi. Ngozi ilikuwa inaimeza krimu palepale, nikaongeza, ikaimeza tena. Alinivumilia. Akasema nisimdondoshee maji kwenye dawa yangu, itaharibika. Utani wake ule ule, lakini sauti ilikuwa imechoka, na hakuniita daktari wa nyuso.

Nikamwomba msamaha. Akasema sawa. Mama akisema sawa huwa sijui ni sawa gani.

Baadaye, nikiwa nakusanya vifaa, akaniambia ameshaamua. Kesho atakuja nami Meru. Nikafurahi, nikadhani anataka akione chuo. Akatingisha kichwa.

"Chuoni sitafika. Nitakaa kwa nyumba yako tu, nirudi siku ya pili. Hawa wa kanisa wakiniona nimevaa nguo ya Jumapili nimepanda gari na wewe, watajua nilienda. Wewe niambie tu vile hicho chumba kinakaa, wasije wakaniuliza nikakosa jibu."

Nikamwambia mum, wacha, nitawaambia mimi ukweli, kosa ni langu. Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu aoshwe uso. Akasema nikiwaambia ukweli hawatanicheka mimi. Watasema yule mama aliyekaa amepauka akitangaza mtihani, mtoto wake alimkataa.

Na ndivyo watakavyosema.

Kwa hiyo niliketi chini kwenye gunia nikamweleza. Nikamwambia vioo viko ukuta mzima, na kila kioo kina taa. Kiti ni cha kuegemea, kinashuka ukikikanyaga chini. Mtahini ana koti jeupe na kalamu sikioni. Alikuwa akirudia maneno kwa sauti ndogo, kioo, taa, koti. Akauliza kama wanatoa chai. Nikasema hawatoi. Akauliza, "Na mimi nimeketi wapi?"

"Karibu na dirisha," nikamwambia. "Unaona barabara."

Rehema ndiye aliyeketi hapo.

Nimeingia humu ndani kuandika kwa sababu sikuweza kuendelea kumwangalia. Dirisha liko wazi na mama yuko nje bado, anaosha ile sufuria. Uso wake umetulia, unang'aa, hata yale mabaka yamefifia kidogo. Ni uso mzuri. Ni uso ambao ungenipa kazi ngumu mbele ya mtahini na huenda ningeanguka. Ningejua nimeanguka na nani.

Muda mfupi uliopita Mama Njiru ameita kutoka langoni, anakuja kuomba chumvi. Nimemwona mama akishtuka. Ameshika ncha ya leso akajipangusa uso, paji, mashavu yote mawili, kidevu, haraka, kwa nguvu, mpaka ile krimu yote imeisha, na pale palipochanika pamekuwa pekundu tena. Halafu ndiyo amegeuka kumsalimia jirani.

Sasa wanaongea. Mama anamwambia ni kesho, wametupigia simu leo. Mama Njiru anaita jina langu huku dirishani, anataka kusikia kwangu kama ni kweli ni kesho.

Nimemjibu ndiyo, ni kesho.

Kesho tukifika Meru nitampeleka mpaka chini ya zile ngazi za chuo nimwombe apande na mimi, avae viatu vyake, asalimie kila mtu. Sijui kama atakubali. Mimi ningekuwa yeye, nisingekubali.